Sulemani Alificha Barua ya Kustaafu

Sulemani alikuwa mtu wa barabara. Kila asubuhi alikunywa chai ya tangawizi, akachukua jembe na fyekeo, akatoka Koboko kwa miguu. Kazi yake ilikuwa maili moja ya barabara inayokwenda Arua. Alifyeka nyasi. Alifungua mitaro ili maji ya mvua yapite. Maili iliyofuata ilikuwa ya mwenzake Lado. Kati yao kulikuwa na kijiti cheupe. Huku kwangu, kule kwako.

Mwaka huo, 1974, goti la Sulemani lilianza kuuma. Hakumwambia mtu, hata mke wake Kaltumu. Alifikiri, wakijua goti linauma, watasema kazi imenishinda.

Siku moja dereva wa lori akamletea barua kutoka ofisi ya Arua.

"Mzee, weka dole hapa."

"Nikiweka dole, nimekubali nini?"

"Umekubali kwamba umepokea barua."

"Kwanza mnasema hivyo," Sulemani akajibu. Hakuweka dole. Dereva akaiacha barua juu ya jembe, akaenda zake.

Sulemani hakujua kusoma. Binti yake Rabia alijua, alikuwa darasa la sita. Lakini mtoto ana rafiki, na rafiki ana mdomo. Amwambie Lado? Huyo ndiye Sulemani aliyemshuku zaidi. Miezi miwili sasa Lado alikuwa anasema, "Mzee, kaa kivuli kidogo." Kwa nini mtu akupe kivuli bure? Tena kijiti cheupe kilikuwa kimesogea. Sulemani alipima kwa miguu. Hatua arobaini za maili yake zilikuwa zimekwenda kwa Lado.

"Anakula maili yangu polepole," alijiambia. "Halafu ataenda Arua kusema mimi sina kazi."

Akaificha barua ndani ya mto wa kulalia.

Siku ya kuanika mito, Kaltumu akasikia kitu.

"Baba Rabia, ndani ya mto iko karatasi."

"Iko pamba."

"Pamba hapana lia namna hii." Akaitoa. Akaitazama, naye hakujua kusoma. "Kama ni talaka, nipe mkononi. Usinilaze juu yake."

"Siyo talaka."

"Basi ni nini?"

"Sijui."

"Mutu anaficha kitu hakijui?"

Kaltumu akajifunga leso, akaenda kwa Rosa Kiden. Rosa alitoka upande wa Sudani. Alikuwa akifunga vidonda katika zahanati, na siri za watu zilikaa kwake. Sulemani akamfuata mkewe akichechemea.

Rosa hakuifungua barua mara moja. "Barua ni ya mzee. Nisome mama akisikia?"

Sulemani akachungulia nje. Hakuna mtu. "Soma. Lakini usiruke neno."

Rosa akasoma. "Ofisi inasema hivi. Kwa karatasi zetu umefika miaka hamsini na tano. Unaweza kustaafu sasa, au kuendelea na kazi. Tujibu kabla ya mwezi kwisha. Usipojibu, tutajua umechagua kustaafu."

Mwezi ulikuwa umebaki siku nne.

"Hamsini na tano ni nani?" Sulemani akauliza. "Mimi iko hamsini na moja. Lado amewadanganya."

"Walipokuandika kazini, nani aliwaambia miaka yako?"

Sulemani akasema, "Mimi. Walitaka watu wa miaka kumi na nane. Nilikuwa na kumi na nne. Nikaongeza."

"Basi aliyekuzeesha ni wewe," Kaltumu akasema.

Rosa akakunja barua. "Mzee, kustaafu si kufukuzwa. Na kuendelea na kazi si ushujaa. Uliza kwanza. Pensheni yako ni kiasi gani ukitoka sasa? Kiasi gani ukingoja? Wakuandikie. Usichukue maneno ya njiani. Nyumbani nani bado anakutegemea? Na mwili unasema nini?"

"Mwili hausemi kitu."

Rosa akabonyeza goti lake. Sulemani akaruka kwenye kiti.

"Umesema," Kaltumu akajibu.

"Kuna jambo lingine," Rosa akaendelea. "Unaweza kubaki kazini, ukaomba kazi nyepesi. Mimi nitaandika juu ya goti."

Sulemani akamtazama sana. "Na wewe unapata nini hapo?"

"Napata kupumzika. Ukifyeka na goti hili mwaka mmoja tena, ni mimi nitakufunga bandeji kila siku."

Kesho yake Sulemani akamngojea Lado penye kijiti.

"Wewe ndiye unahamisha kijiti hiki."

"Ndiyo, mzee."

Sulemani alikuwa amejitayarisha kwa uongo. Huu ukweli ukamshinda. "Kwa nini?"

"Pale kuna mtaro wenye mawe. Naona unavyochechemea. Nikasema nichimbe mimi, na kijiti kionyeshe ni kwangu, nyapara asikugombeze."

"Unataka nitoke kazini."

"Ukitoka, watanipa maili mbili mpaka wapate mtu. Mimi iko wazimu?"

Siku ya tatu Sulemani na Kaltumu wakapanda lori mpaka Arua. Karani akawaandikia yote. Pensheni ya sasa ilikuwa ndogo, ya kungoja ilikuwa kubwa zaidi. Miaka ile minne haikufutika, kwa sababu Sulemani hakuwa na karatasi ya kuzaliwa. Rabia alikuwa bado na shule. Wakatoka nje, wakakaa ukutani, wakazungumza mke na mume. Kisha wakarudi ndani na karatasi ya Rosa.

"Nitaendelea," Sulemani akasema. "Lakini si kwa jembe. Goti langu ni bovu."

Alisema mbele ya watu, na hakuna aliyecheka. Kabla ya kuweka dole, alimwambia karani asome tena yote, na Kaltumu akasikiliza.

Wakampa kazi ya kulinda stoo ya vifaa Koboko. Rosa akafunga goti, likapungua uvimbe. Kaltumu akaanza kulima mihogo kwa ndugu yake, ili siku ya kustaafu isiwakute mikono mitupu. Siku hiyo wameichagua wenyewe: Rabia akimaliza shule.

Stoo ile haijapoteza jembe tangu Sulemani aingie. Kila jioni anatazama jembe, halafu anatazama uso wa mtu. Juzi Lado alirudisha jembe lenye mpini mfupi.

"Hili si lile la asubuhi."

"Ni lile, mzee. Mpini umevunjika."

"Kipande kiko wapi?"

Lado akakitoa ndani ya shati. Alikibeba maili tatu, kwa sababu alijua nani amekaa mlangoni.