Usimjibu Anahit

Emmah Ngowa si mwanamke wa kushtuka ovyo. Ni karani katika yadi ya makontena kule Shimanzi, Mombasa, na mtu anayeshinda juani akivutana na madereva wa malori hawezi kuwa mwoga wa panya. Sisi majirani zake wa Mji wa Kale tumemzoea: jioni anarudi viatu mkononi, anapanda ngazi huku akimtania mama yake tangu chini. Ila miezi hii, mtu akigonga meza karibu naye, Emmah huinuka akaenda zake. Tulidhani ni maringo, mpaka leo alasiri alipokuja kwangu mbio, akanisimulia haya.

Mdogo wake, Stacy, aliolewa na Gevorg, Mwarmenia, fundi wa mitambo ya meli. Walionana bandarini Kilindini meli ya Gevorg ilipokwama kwa matengenezo, na kabla watu hawajamaliza kusema, harusi ilikuwa imepita na Stacy yuko milimani Armenia, kwa mama mkwe wake, Siranush. Alipojifungua mtoto wa kike, Sheryl, mumewe alikuwa baharini. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Hupikiwa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji ya moto, na mtoto hutazamwa na macho mengi mpaka arobaini itimie. Mama yao ana presha na miguu yake haimtii, kwa hiyo Emmah akaomba likizo, akafunga mzigo, akaenda kuwa mama mkubwa.

Mji wa akina Siranush uliwahi kufa. Mwaka wa themanini na nane, muda mfupi kabla ya adhuhuri, ardhi ilitikisika, na watu walipofumbua macho hapakuwa na ukuta uliosimama. Ukajengwa upya na mataifa yaliyokuja kusaidia, kila moja kwa mtindo wa kwao, ndiyo maana mapaa ya mtaa huu yamechongoka na ya mtaa ule yamelala. Ukiutazama haraka ni mji wa kupendeza. Lakini siku walipotoka kliniki, Stacy alimpitisha dadake makaburini, kwenye mawe meusi yaliyochorwa sura za watu, akamwonyesha kwamba wote wale, wazee kwa watoto, wana tarehe moja ya kufa.

Kilichomchekesha Emmah ni makontena. Waliopoteza nyumba waliishi ndani yake miaka na miaka, na mengine bado yako uani, yanawekewa kuni. Akamwambia Stacy kwamba ameikimbia Shimanzi, kumbe Shimanzi imemtangulia.

Na jambo moja lilimshangaza. Watu wa pale hawagongi mlango. Mgeni husimama langoni akaita jina. Siku ya kwanza Emmah alipoinua mkono kubisha hodi chumbani kwa Stacy, Siranush alimdaka kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu isiyo ya mwanamke wa umri wake. Stacy akasema ndivyo mila yao ilivyo, asijisumbue kuuliza. Emmah akashusha mkono. Nchi ya watu, desturi za watu.

Asubuhi moja Siranush alimtuma kuni. Mbingu ilikuwa safi, theluji inameta, mtoto amelala. Kontena la nyumba ile lilikuwa nyuma ya jiko. Emmah alijaza kikapu, akatoka, akavuta mlango wa chuma, na hapo mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya miaka yote.

Kule Shimanzi kontena halifungwi kimyakimya. Zamani kibarua mmoja alikimbilia kivuli ndani ya kontena tupu, akapitiwa na usingizi, akafungiwa. Tangu hapo ni sheria ya yadi yao: kabla ya komeo kushuka, unapiga ubavu wa kontena kwa kiganja na kuuliza kama kuna mtu. Ukijibiwa, unapiga tena, aliye ndani ajue amesikika, asije akapagawa.

Emmah akapiga. "Kuna mtu?"

Kukagongwa. Polepole, kwa kitu kigumu, kama jiwe.

Alidhani ni mtoto wa jirani amejificha. Akapiga tena, akasema kwa ile sauti ya kumtuliza mtu, "Nimekusikia. Nakuja kukutoa."

Akafungua. Kuni. Mitungi ya kabichi. Hakuna mtu. Kisha kukagongwa tena, na safari hii alisikia panapogongwa. Chini ya mbao za sakafu. Kontena lilikaa juu ya ardhi yenyewe, na chini yake hapakuwa na nafasi hata ya paka.

Alipogeuka, Siranush alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Emmah alipoeleza alichokisema kontenani, mama yule alisimulia akitazama sakafu, na Stacy akatafsiri kwa kunong'ona, naye mwenyewe akiyasikia kwa mara ya kwanza. Kontena limewekwa mahali ilipokuwa nyumba yake ya kwanza. Siku ya tetemeko bintiye Anahit, wa miaka saba, alibaki nyumbani na homa, na mama alikuwa ametoka kutafuta mkate. Siku zile mitambo ilikuwa ikizimwa na mji mzima ukizuia pumzi, ili walio chini ya vifusi wasikike. Anahit alisikika. Siranush akachukua jiwe, akamgongea kwamba mama yupo, mama anakuja kukutoa. Aligonga mpaka vidole vikavuja damu. Mashine ya kuinua zege haikufika kwa wakati, na chini kukanyamaza. Lakini hakukunyamaza moja kwa moja. Kila nyumba ya mji ule, alisema, ina wa kwake. Watu wamejifunza kutogonga, na wakigongewa, kutojibu, kwa sababu wafu wakijibiwa huamka wakidai walichoahidiwa.

"Mimi nimekaa juu yake miaka yote hii bila kumjibu," Stacy akatafsiri. "Mwanangu wa kumzaa. Wewe umemwambia unakuja kumtoa."

Emmah hakuamini yote. Alitaka sana asiamini. Kesho yake, saa ileile ya kabla ya adhuhuri, kukagongwa chini ya kizingiti cha jiko. Siku iliyofuata, chini ya ukumbi. Sauti ilikuwa inasogea. Haikuwa na haraka. Ikafika chumbani, ikasimama chini ya kitanda cha Sheryl, na hapo haikusogea tena.

Mtoto akaacha kulia. Alilala macho wazi, anatazama dari, mwili wa baridi. Stacy alipomfuta midomo, kitambaa kikatoka na rangi ya kijivu. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza kama wanaishi karibu na mahali panapojengwa, maana mapafu ya kichanga yule yalijaa vumbi la saruji.

Siranush alisema Anahit anatafuta pa kutokea, na mtoto mchanga ndiye mlango mwepesi.

"Dada," Stacy akasema, "mwanangu ananifia mikononi."

Hakumlaumu. Emmah ananiambia angetukanwa ingekuwa nafuu.

Mchana ule kugonga kulipoanza, Emmah alipiga magoti, akajiingiza chini ya kitanda cha mtoto. Akaweka kiganja juu ya mbao, akausikia ubaridi ukipanda. Akapiga.

"Si huko, Anahit. Aliyekuahidi ni mimi. Nifuate mimi."

Aliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu hakuwa na lugha nyingine ya kuyasemea. Kukanyamaza. Kisha kukagongwa mara moja tu, chini ya magoti yake.

Siranush alimpa wasia mmoja. Akigonga, nyamaza. Asipokaribishwa haingii. Emmah akaondoka, na kabla gari halijaufikia uwanja wa ndege, Stacy akapiga simu. Nyuma ya sauti yake Sheryl alikuwa analia kwa njaa, kilio kizima cha mtoto mzima. Emmah alilia naye.

Kwa hiyo alirudi na kile kitu Mombasa. Kilimgongea chini ya kiti chake ofisini, Shimanzi, katikati ya mngurumo wa malori, na hakuna mwingine aliyesikia. Siku ya mapumziko ya kwanza kiligonga chini ya kitanda chake nyumbani, ghorofa ya juu, ambako chini yake ni stoo ya magunia tu. Emmah aliuma midomo. Tangu hapo alihakikisha kila mchana yuko mbali na nyumbani, maana alijua kinamfuata yeye. Hakumwambia mama yake. Mwanamke mwenye presha humwambii mambo kama hayo. Alimwambia tu asimfungulie mtu akiwa peke yake, wezi wamezidi, na mama akacheka. Amezaliwa Rabai, kwenye nyumba isiyojua kufuli.

Baadaye kugonga kukapungua. Kukakoma. Wiki zikapita, na Emmah akaanza kulala usingizi wa kweli. Alijiambia kwamba hata mfu huchoka. Stacy alipoandika kwamba Gevorg amerudi na wanamleta Sheryl amwone bibi yake, hakuona sababu ya kukataa. Mama yao alifurahi akasahau miguu. Akaagiza kitanda kidogo cha mbao, akakitandika karibu na dirisha, akakifunga chandarua cheupe. Jumamosi ndiyo siku ya kufika.

Leo ni Ijumaa. Emmah aliomba ruhusa mapema aende kununua samaki wa wageni. Alipopanda ngazi alimkuta mama yake anaimba.

"Umepishana na kitoto," mama akasema.

Emmah akauliza kitoto gani. Mama akasimulia huku akichambua mchele. Kabla ya adhuhuri mlango ulibishwa kwa upole, naye akaitikia kutoka jikoni, kama anavyoitikia siku zote, karibu mwanangu, ingia. Akaingia msichana wa Kizungu, miguu mitupu, nywele zimejaa vumbi. Mama alidhani ni mtoto wa watalii amepotea vichochoroni. Alimuuliza jina, hakunena. Alimpa maji, akayanywa, akaumaliza mtungi.

"Mama." Emmah akauweka mfuko wa samaki sakafuni. "Ulimkaribisha?"

"Mtoto wa watu abishe mlangoni, nimnyamazie? Ndivyo nilivyokulea wewe?"

Emmah akauliza yuko wapi sasa. Mama akasema ametoka kwenda zake, hakumwona aliposhuka, alikuwa jikoni. Akatua sinia la mchele. Alimhurumia sana yule mtoto, alisema, macho yake yalikuwa ya upweke.

"N'kamwambia asihuzunike, kesho yuaja mwenzake wa kucheza naye. N'kamwonyesha na kitanda."

Emmah alipiga simu ya Stacy. Imezimwa. Ya Gevorg, imezimwa. Walikuwa wameshapanda ndege. Akapiga tena. Akapiga tena. Kisha akaiweka simu chini na kuingia chumbani, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuingia.

Chandarua kilikuwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote, kama mama alivyokichomeka asubuhi. Hakikufunguliwa. Ndani yake shuka ilikuwa na vumbi la kijivu, na katikati ya vumbi lile palikuwa na bonde la mwili. Mwili mkubwa kidogo kuliko kitanda. Ulikuwa umelala ubavu, umejikunja, magoti kifuani, mgongo umebanwa kabisa kwenye mbao za ukingo.

Upande wa pili, mbele ya kifua, vumbi lilikuwa limefagiliwa kwa kiganja. Palikuwa peupe, pamelainishwa vizuri. Nafasi ya kumtosha kichanga.