Mgeni Aliyetangulia Kufagia

Dalali wa Tabora alipiga simu asubuhi, Vumilia akiwa barazani na cherehani yake, pini zimejaa mdomoni.

"Mama Aneth, hongereni kwa kuhamia," dalali alisema. "Ndugu yenu ameshafika. Kaingia jana jioni, nyumba nzima kaifagia hadi uwanja."

Vumilia alitema pini kiganjani. "Ndugu yupi?"

"Jina hakusema. Mtu mpole, ila ananuka udongo, sijui katoka kuchimba wapi. Katandika na kitanda cha mtoto. Kimoja tu, mama. Vitanda vyenu wakubwa vinakuja na gari?"

Vumilia hakuwa amemtuma ndugu yeyote. Nyumba yenyewe waliichagua juzi tu, yeye na mumewe Mwigulu, wameketi mkekani wanapima mikoa kama mtu anavyopima vitambaa dukani. Mwigulu alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Masumbwe mwanzo wa mvua, pekupeku, bila simu, akasema dhahabu basi. Alitaka wahame Shinyanga kabisa, waende mkoa ambao mtu akichimba anatafuta maji au viazi. Vumilia aliupenda mtaa wake wa Ngokolo na wateja wake wasumbufu, lakini mume aliyetoka shimoni mzima habishaniwi. Wakakubaliana Tabora.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Vumilia hakulisema. Tangu Mwigulu arudi, nyumba ilinuka udongo mbichi wa chini sana, udongo usiowahi kuona jua, umechanganyika na baruti. Alifua nguo za mumewe, nyingine akazichoma, harufu ikabaki pale pale. Mara nyingi mchana, Aneth akiwa shule, alisikia fagio likipita taratibu chumbani kwa mtoto, na akiingia anakuta sakafu safi na fagio limeegemea ukuta. Jioni ile walipoitaja Tabora harufu ilikatika ghafla, na Vumilia akamshukuru Mungu kwamba hata nyumba imefurahi wanaondoka. Kumbe nyumba ilikuwa imepumua tu.

"Tumeghairi," alimwambia dalali. "Mwambie huyo mtu hatuji tena."

Jua halijazama, harufu ikaingia mlangoni. Ilipita sebuleni, ikampita Vumilia aliyeshika mwiko, ikaelekea chumbani kwa Aneth, na fagio likaanza.

Walichagua Singida. Safari hii walinong'ona, vichwa chini ya shuka. Harufu ikaondoka, na kesho yake mwenye nyumba wa Singida akapiga simu kusifu usafi wa ndugu yao na kuuliza kitanda kile kidogo ni cha nani. Vumilia alimjibu kwamba hawaji, akakata simu, akamgeukia mumewe.

"Baba Aneth, umeleta nini nyumbani kwangu?"

Mwigulu alikuwa pande la mtu, lakini alijikunja kwenye kigoda.

"Siku ile mvua ilinyesha juu. Wenzangu wakapanda, nikabaki peke yangu ndani ya duara nimalizie. Njaa ikanishika. Nikafungua kontena langu la ugali."

"Ulikula chini?"

Hakuna mke wa mchimbaji asiyeijua sheria ile. Kwenye duara, yaani shimo lenyewe la dhahabu, chakula hakishuki. Watu hula wakiwa juu, kwenye mwanga, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri hawezi kula bila kumkaribisha anayepita, na kule chini hujui anayepita ni nani.

"Nikasikia mtu nyuma yangu," Mwigulu alisema kwa sauti ndogo. "Mdomo ukasema wenyewe, karibu. Sikugeuka. Nilidhani ni Makoye kashuka tena. Akasema, 'Nimekaribia.' Akakaa. Mkono ukaingia kwenye chombo changu, Mama Aneth, mkono baridi, tukagusana vidole kwenye ugali. Tukala. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja, wa kike. Akasema, 'Nitamtandikia.' Ndipo nikamsikia Makoye akikohoa kule juu kabisa, mdomoni mwa shimo, na mimi bado kuna mtu ananitafunia sikioni. Nilipanda ile kamba sijui vipi. Viatu vikabaki. Simu ikadondoka humo humo."

Vumilia alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na hasira ikawahi.

"Adabu yote uliyokosa kwa mama yangu, ukaenda kumpa jini!"

Kesho yake walikwenda kwa Mageni, mganga wa kike, mfumu aliyesifika kwa kusoma kuku. Wasukuma wengi hawahamishi mji bila kuku kupasuliwa, ionekane penye heri ni wapi, na Mageni alikuwa amewahamisha watu hadi mpaka wa Kongo. Alimpasua kuku mweusi, akainamia utumbo, akahesabu vijidoa kwa ncha ya kisu.

"Bariadi," alisema. "Kaskazini ya mji, penye—"

Simu ya Vumilia ikaita. Ilikuwa ni Asteria, shangazi yake Mwigulu anayeishi Bariadi, ambaye hawakuwa wamewasiliana naye tangu Pasaka. Alikuwa analia.

"Mama Aneth, mmemtuma nani kwangu? Yuko uani anafagia. Anafagia anarudi kinyumenyume, na mavumbi hayabaki na nyayo zake. Anauliza mtoto anafika lini."

Mageni aliweka kisu chini. Alimfunika kuku kwa ungo, taratibu, kama mtu anayemfunika maiti uso.

"Mayu," alimwambia Vumilia, akimwita mama kwa Kisukuma, "dawa yangu inamtoa mwizi. Inamtoa aliyetumwa. Huyu mumeo kamkaribisha kwa mdomo wake, wakala chombo kimoja. Huyu ni mgeni. Mgeni hafukuzwi."

"Kwa hiyo nimpe mtoto?"

"Sijasema hivyo. Nasema mgeni hafukuzwi. Huondoka mwenyewe."

"Basi ataondoka mwenyewe," Vumilia alisema, akainuka hata bila kuaga. Njiani alimpigia shangazi, akamwambia amjulishe mtu yule kwamba hawaji Bariadi, na kwamba yeye mwenyewe alale kwa jirani.

Jioni hiyo umeme ulikatika Ngokolo nzima. Mwigulu alitoka kutafuta mshumaa. Vumilia alikaa sebuleni na Aneth mapajani, amemfunika kanga hadi kichwani, akisubiri, maana alijua kwamba kwa neno lile la "hatuji" alikuwa amemwita tena. Harufu ilikuja kwanza. Kisha fagio chumbani, pole, pole, halafu likanyamaza, na katika ukimya ule, kutoka chumba kisicho na mtu, ikatoka sauti ya Aneth, sauti ile ile ya asubuhi akitoka kulala, yenye kikwaruzo chake, ikasema, "Shikamoo mama," na Aneth mwenyewe mapajani mwake akashtuka akamshika mkono, na Vumilia akasikia marahaba ikimpanda kooni yenyewe, kama ilivyompanda kila siku tangu mtoto yule ajue kusema, akaiuma kwa meno, akaishikilia, na sauti ikarudia, karibu zaidi, mlangoni sasa, "Shikamoo mama," kwa adabu, kwa subira, kama mtoto anayejua kwamba mzazi lazima ataitika tu, na harufu ya udongo ikawa nzito hadi mate yakawa na ladha ya chuma, na Aneth akanong'ona, "Mama, mbona mimi niko kule?"

Hapo ndipo hofu ya Vumilia ilipoishiwa nafasi. Chuki ilimjaa badala yake, chuki safi, na ilimfaa kuliko dawa yote ya Mageni.

"Nyamaza, wewe!" alifoka gizani. "Mwanangu mmoja, na anajua kusalimia mwenyewe. Umekuja kwangu umekuta nimefagia. Kazi gani umeniongezea hapa?"

Sauti ilinyamaza. Fagio likaanza tena, polepole, kama aliyekaripiwa.

Vumilia akalisikiliza fagio lile, na akili yake ya fundi cherehani ikaanza kupima. Wakitaja mji, mgeni anatangulia. Akiwa kule, hapa hakuna harufu wala fagio. Na hakuna siku aliyorudi mwenyewe. Kila aliporudi, wao ndio waliomwambia hatuji. Basi si kiumbe wa kukasirika wala kuchoka. Ni wa kusubiri. Na mtu wa kusubiri, Mungu wangu, Vumilia alikuwa anawajua watu wa kusubiri! Kulikuwa na bibi harusi wa Ngokolo ambaye Vumilia alimzungusha kwa neno la "njoo kesho" hadi harusi ikapita, na bado akaja kuchukua gauni akashukuru. Kama alikuwa amewaweza watu wenye macho na hasira zao, huyu mwenye kupenda kufagia angemshinda wapi?

Mwigulu aliporudi na mshumaa alikuta mkewe anatabasamu, jambo lililomtisha kuliko jini.

"Baba Aneth," Vumilia alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "nimechagua. Tunahamia Masumbwe. Kule kule duarani, kwenye kibanda chako."

"Mama Aneth!"

"Nimesema tunahama."

Alimvuta uani, akamweleza sikioni. Mwigulu alitikisa kichwa hadi akachoka, mwisho akakubali. Vumilia akauliza kuna nani sasa kule. Hakukuwa na mtu. Duara lilijaa maji baada ya mvua ile, wachimbaji wakahamia mgodi mwingine, na Mabula, mlinzi wa karasha, mtambo wa jirani wa kusaga mawe, alikuwa ng'ambo ya kilima. Vumilia alimpigia Mabula asubuhi yake, akamwomba asisogelee kibanda kile hata akiona mtu.

Mgeni hadanganywi kwa maneno matupu, kwa hiyo walihama kweli. Walikodi gari, wakapakia vitanda, makabati, magunia ya vitambaa, cherehani juu kabisa imefungwa kamba. Apolonia, jirani yao, alilia machozi ya haki, na Vumilia hakumwambia ukweli, ingawa roho ilimuuma. Kabla ya kuondoka walitandika mkeka katika nyumba tupu, wakala chakula cha kuagana. Vumilia akaweka sahani moja zaidi, ugali na mlenda, mahali ambapo hapakukaa mtu.

"Karibu, mgeni," alisema. "Kula ushibe, una safari. Watu hufukuza wageni, mimi nakusindikiza. Tangulia Masumbwe ukatufagilie. Kibanda kile kile. Sisi tunafuata na mizigo."

Hakuna aliyeinua kichwa. Walisikia kutafuna. Mwigulu alifumba macho, na Aneth akaminya goti la mama yake. Walipotazama, tonge lilikuwa limeliwa upande mmoja, na kwenye mlenda kulikuwa na alama za vidole virefu kupita vya mtu. Harufu ilitoka mlangoni ikapita uwanjani, na kuku wa Apolonia wakaipisha njia.

Gari liliondoka likipiga honi. Likapita sokoni, likafika relini, likageuka, likarudi. Wakashusha vitanda, makabati, magunia, na cherehani ikarudi barazani kabla joto halijapungua.

"Mmehama mkarudi?" Apolonia alipiga kelele, nusu anacheka nusu anataka machozi yake arudishiwe.

"Hatujarudi, jirani," Vumilia alimjibu, akitunga uzi. "Tuko njiani."

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Mtu asitamke kwamba hawaendi Masumbwe, hata kwa utani, hata usingizini kama anaweza. Aneth alifundishwa kama anavyofundishwa sala. Akiulizwa na mtu yeyote wanahama lini, ajibu karibuni. Mwigulu alinunua bajaji ya mkopo, akaacha kushtuka ovyo, na mikoa mingine ikabaki kwenye ramani ya darasani.

Mabula alipiga mara moja, kuaga, kwa kuwa na yeye alikuwa anahamishwa. Alisema hakusogea, aliangalia kutoka kilimani tu. Uwanja wa kibanda ulikuwa mweupe, hauna jani, wakati pori lote limejaa magugu, na kupitia mlango uliokuwa wazi aliona kitanda kidogo kimetandikwa shuka jeupe. Akauliza wanakuja lini. Vumilia akamwambia wako njiani, kisha akamtakia safari njema.

Miezi ilipita. Pamba ikavunwa, ikauzwa. Jioni moja Vumilia alikuwa anapinda sketi ya shule ya Aneth, maana mtoto alikuwa amerefuka, simu ikaita juu ya meza ya cherehani. Kwenye kioo iliandikwa Baba Aneth, namba ile ya zamani ambayo hakuwahi kuifuta, ya simu iliyodondoka chini ya duara, ambako sasa kulikuwa na maji. Mwigulu mwenyewe alikuwa pale uwanjani, anaosha bajaji.

Vumilia alipokea. Alisikia maji yakidondoka mahali pembamba na parefu, na fagio likikwaruza mwamba.

"Shikamoo mama," sauti ya Aneth ilisema. "Mko wapi? Nimefagia."

Uwanjani, Aneth wa kweli alikuwa anamcheka baba yake aliyejimwagia povu. Vumilia alimtazama kwanza. Kisha akaitoa ile marahaba aliyoiuma siku ile, akaitoa kwa utulivu kabisa, kama anavyoitoa kwa wateja.

"Marahaba," alisema. "Fagia tena, kuna vumbi. Tuko njiani."

Akakata simu, akaendelea kushona.