Alternata ya Marehemu Faustin

Asubuhi moja ya Agosti, jua likiwa limeshatulia juu ya mabati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, jirani yetu fundi Sinzinkayo aliinua boneti ya Corolla kuukuu na kuitazama injini kwa ile dharau aliyowatazamia pia wateja, wachungaji na wote wanaoogopa wachawi. Kwake, mchawi ni neno la mtu asiyejua umeme.

Gari lilikuwa la Mama Ketsia, mjane wa Faustin. Saa nane mchana alitakiwa Lilongwe, kwenye usaili wa wakimbizi katika ofisi moja jirani na Capital Hill, penye ofisi za serikali. Kibali cha kutoka kambini kilikuwa cha siku hiyo moja tu, na barua ilisema asiyefika, faili la familia litafungwa. Mwaka jana Faustin aliitwa vilevile. Gari hilihili lilimzimikia njiani, mvua ikinyesha. Alikutwa usukanini, amelowa, pumu imemmaliza, mkanda wa usalama umefungwa. Failini waliandika, kwa Kiingereza chao: Hakuhudhuria, hakutoa sababu. Kufa kuna fomu yake, na Faustin hakuijaza.

Injini ilipowashwa, taa nyekundu ya betri ilibaki ikiwaka. Sinzinkayo alikuwa na njia yake ya kupima alternata, ile mashine inayochaji betri: unawasha injini, unachomoa waya wa betri. Injini ikizima, alternata imekufa. Isipozima, nzima. Mafundi waliosoma humwambia kwamba hivyo ndivyo alternata zinavyounguzwa. Naye huwauliza walisomea wapi, na siku hizi wanakula wapi.

Mama Ketsia, kwenye kiti cha abiria, alinong'ona.

"Fundi, siku moja kabla ya safari ya Faustin, ulipimaka hivi hivi."

"Na ilikuwa nzima, mama."

Akachomoa waya. Injini ikaendelea kunguruma.

"Unaona? Nzima."

Lakini taa nyekundu haikuzimika. Kwa kuudhika tu, alichukua mita ya umeme akagusa nyuma ya alternata. Sifuri. Akaitukana mita, akagusa tena. Sifuri. Gari la petroli lisilo na betri wala alternata halina cheche. Linazima.

Hili halikuzima.

Akalegeza bolti. Akatoa mkanda wa injini. Akaing'oa alternata yenyewe, akaiweka chini kwenye gunia.

Injini iliendelea.

Akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo, akauchomoa. Injini iliendelea. Akirudisha mkono, kiwiko kikagusa kitu kilichokaza.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimesukumwa nyuma, kwa miguu ya mtu mrefu. Mkanda wa usalama ulikuwa umefungwa. Ulikuwa ukipanda kidogo. Ukishuka. Ukipanda.

Mama Ketsia hakugeuza shingo.

"Tumika, fundi, tengeneza gari," alinong'ona. "Iko anakungojea."

Sinzinkayo akaifungua alternata. Dayodi, vile vidude vinavyopitisha umeme kwenda kwenye betri, zilikuwa nyeusi. Huo haukuwa uzee. Hivyo ndivyo zinavyoungua waya wa betri ukichomolewa injini ikizunguka. Alijua mkono uliouchomoa. Alijua na siku.

Akatoa dayodi nzima kwenye alternata nyingine, akazilehemu. Akairudisha mahali pake. Akafunga mkanda wa injini, akaunganisha betri. Safari hii akapima kwa mita, taratibu, kama mwanafunzi. Volti kumi na nne: inachaji.

Injini ikazima yenyewe. Kifungo cha mkanda wa usalama kikafyatuka.

Mama Ketsia hakujua kuendesha. Ikabidi fundi aketi pale. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

Walifika saa saba na nusu. Karani alifungua faili, akauliza kwa uchovu kwa nini familia moja inajiandikisha mara mbili. Bwana wa mama huyu, alisema, ametoka hapo sasa hivi. Mama Ketsia akamweleza kwamba bwana alikufa. Karani akatafuta fomu ya kifo, hakuiona, akaridhika kwamba bwana yu hai. Faili liko wazi, alisema. Mama aingie tu.

Mama akaingia. Sinzinkayo akabaki kaunta, karatasi ya faili ikiwa mbele yake.

Neno Hakuhudhuria lilikuwa limekatwa. Juu yake, nako kwa Kiingereza: Alichelewa. Chini, kwenye nafasi ya sababu, karibu na alama ya gumba lililolowa, yalikuwapo maneno matatu ya Kiswahili katikati ya Kiingereza chote kile cha ofisi. Wino ulikuwa haujakauka.

Fundi alisema nzima.