Alhamisi Saa Kumi

"Dada, umenikanyaga joho!"

"Na wewe joho gani hilo linafagia bunge zima?"

Waandishi wa habari walikuwa wakisukumana kwenye korido kumwahi waziri. Mtangazaji wa redio, gauni la manjano, kinasa sauti mkononi, akainua macho. Karani wa bunge, mrefu, joho jeusi, akasahau alikokuwa akienda. Miezi minne baadaye walikuwa wakipigiana simu kabla hata ya kupiga mswaki.

Mwiko wao ulikuwa mmoja: ratiba ya bunge haizungumzwi. Muswada wa ardhi ulikuwa umewagawa wabunge. Serikali ikitaka upite kabla ya likizo, wapinzani wakitaka usubiri.

"Alhamisi saa kumi nakuja kwenu kujitambulisha," karani alimwambia Jumatatu.

"Kweli, mpenzi? Nimwambie baba?"

"Mwambie anyooshe shati."

Alipokata simu, mtangazaji akapiga hesabu: karani hawezi kwenda ukweni siku ya muswada. Saa saba akatangaza: muswada hautajadiliwa Alhamisi.

Serikali ikaja juu. Kufikia jioni, Spika alikuwa ameupanga Alhamisi hiyo hiyo.

"Umeniponza!" Karani alifoka simuni. "Mkuu wangu ananiuliza nani kavujisha."

"Hukuniambia kitu! Nilikisia, kwa sababu unakuja kwetu."

"Nani ataamini hilo?"

"Alhamisi unakuja au huji?"

Simu ikakatika.

Asubuhi mtangazaji akaingia ofisini kwa karani mkuu bila miadi. "Hakuvujisha, mama. Aliahidi kuja kunichumbia, mimi nikatangaza."

Karani mkuu akamkodolea macho, kisha akacheka hadi miwani ikamwanguka. "Kakisahihishe redioni hicho ulichokikisia. Kijana nitamwacha."

Alhamisi, mtangazaji alikuwa kwenye roshani ya waandishi, karani chini mezani, bila kutazamana. Wabunge walipiga meza, wakazomeana, wakadai kura ya kuusogeza muswada hadi kikao kijacho. Karani akasimama kuhesabu mikono. Mia moja na kumi na mbili kwa mia moja na kumi.

"Umeahirishwa!" Spika akagonga nyundo. Saa tisa na nusu.

Karani akatazama juu, akaigonga saa yake ya mkononi. Mtangazaji akarusha habari kwa pumzi moja, akashuka ngazi viatu mkononi.

Saa kumi na dakika mbili baba mtu alifungua mlango, shati limenyooka, redio kwapani.

"Nimesikia mmeahirisha."

"Muswada tu, baba," karani akasema akihema, joho bado mwilini. "Binti yako siwezi kumsubiri hadi kikao kijacho."