Kadi Iliyoonjwa Masasi

Msimu wa korosho ulipofunguliwa, kituo cha mafuta cha Masasi mjini hakikuwa na mahali pa kutia mguu. Malori yalipanga foleni mpaka barabarani, bodaboda zikajipenyeza katikati yake, na juu ya kelele zote hizo ile milima ya mawe ilikaa kimya kama kawaida yake. Devotha alisimama nyuma ya meza ya plastiki, fulana yake ya kijani bado ina mikunjo ya mfukoni, nywele kazisuka mistari myembamba, midomo kaipaka rangi kidogo. Alikuwa ametoka Karagwe, pembe nyingine kabisa ya nchi, na kampuni ilimleta kwa kazi moja: kuwashawishi madereva wenye malori yao wenyewe waache kadi nyekundu, wachukue ya kijani.

Kadi zote mbili zilikuwa za namna moja. Dereva anaweka pesa kwenye kadi, kisha anajaza dizeli kwa bei iliyopunguzwa. Nyekundu ilipunguza kidogo lakini ilikubalika karibu kila kituo. Kijani ilipunguza mara mbili yake, ila vituo vyake vilikuwa viwili tu, Masasi huku chini na Newala kule juu mlimani. Tena kulikuwa na sharti: anayetaka ya kijani, nyekundu aikate kwa mkasi hapohapo mezani. Kampuni haikutaka mtu mwenye wake wawili.

"Dada, hiyo kadi yako Newala inasoma?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi, ananukia sabuni na dizeli kwa pamoja. Nyuma yake liliegeshwa Fuso lenye maandishi juu ya kioo: HARAKA YA NINI.

"Inasoma," Devotha alijibu.

"Nani kaiona ikisoma?"

"Kampuni imesema."

Madereva wakacheka. "Kampuni haijawahi kupanda mlima na magunia," alisema yule kijana.

"Usimchukie, mwanangu," mzee mmoja aliyeitwa Baba Zuhra alimwambia Devotha. "Huyu Pancras ndiye mwonjaji wetu."

Akamweleza. Madereva wa Masasi na Newala hawana bosi wa kuwalinda, kwa hiyo wana desturi yao. Hakuna anayenunua tairi ya aina mpya, wala oili, wala kumpa gari fundi mgeni, mpaka mmoja wao aonje kwanza mwezi mzima na kurudi kusema. Kazi hiyo ilikuwa ya Pancras kwa miaka mingi. Akisema kitu ni kichungu, hata kingekuwa asali hakuna wa kukilamba.

"Basi aonje," Devotha alisema, akamnyooshea kadi.

"Na nikinogewa?"

"Na kadi, kaka."

"Mimi nimesema nini?" Pancras aliuliza, na Devotha akainamisha kichwa ili asionekane akicheka.

Ndivyo walivyoanza, na mapenzi yao yalikwenda kwa dizeli. Pancras hakujaza tangi hata siku moja. Alitia lita za kupanda mlima na kurudi, basi, ili kesho yake zimwishie karibu na fulana ya kijani. Devotha aliliona hilo na hakusema kitu, maana ni mwanamke gani anayemfukuza mteja wa namna hiyo? Pancras akiwa safarini, Devotha alimpigia simu.

"Umefika Kitangari?"

"Nimefika, mama. Huku baridi, nakosa blanketi."

"Si ununue."

"Ninalolitaka haliuzwi. Limeajiriwa na kampuni ya mafuta."

"Endesha gari, Pancras, utatumbukia bondeni."

"Nimeshatumbukia zamani."

Mwezi wa kuonja ulipokaribia mwisho, meneja wake aliyekaa Mtwara, Edson, alimtaka Devotha apande Newala akajionee kama mashine ya kadi inafanya kazi. Devotha aliitazama safari yenyewe, siku nzima ndani ya basi kwenda na kurudi, akampigia mtu aliyekuwa akipita huko kila mara.

"Pancras, kadi umeijaribu Newala? Meneja ananiuliza."

Pancras alipiga honi kwanza. "Nimejaribu," alisema.

"Inasoma?"

"Inasoma vizuri tu. Una wasiwasi gani na mtu wako?"

Hakuwa na wasiwasi. Akamjulisha Edson kwamba Newala iko tayari, akarudi kwenye kupaka rangi kucha zake. Angejuaje? Mdomo uliomwita mama hauwezi kumdanganya juu ya mashine.

Siku ya kutoa neno, Pancras aliinua kadi mbele ya wenzake. "Ni tamu," alisema, akimtazama Devotha, na madereva wakapiga miluzi. Baba Zuhra alikuwa wa kwanza kukata nyekundu yake. Baada yake mkasi haukupumzika.

Jumapili iliyofuata Devotha alivaa gauni la kitenge cha njano, kiuno kimebanwa, na Pancras akamletea ming'oko ya kuchemsha iliyofungwa na mama yake kwenye majani. Alimfundisha kuimenya mizizi ile kwa vidole, akamcheka alivyohangaika nayo.

"Ninyi wa Karagwe mnajua ndizi tu," alimwambia. "Utazoea. Msimu ukiisha, mjomba wangu atapanda basi mpaka Karagwe. Kwetu neno la ndoa halisemwi mpaka mjomba aweko."

"Mbali kule, atachoka."

"Achoke. Ndiyo kazi ya wajomba."

Devotha alifurahi mpaka akaogopa. Usiku ule alimpigia dada yake na kumwambia aanze kutafuta sare.

Kisha mvua zikaanza, na minada ya korosho ikapamba moto. Asubuhi moja simu iliita, ni Baba Zuhra.

"Shikamoo, Baba Zuhra."

"Marahaba, mwanangu. Niko Newala hapa, tangi kavu, nina korosho za chama cha msingi cha wakulima. Mashine inaikataa kadi. Pesa zangu zote zimo humo."

"Jaribu tena, baba."

"Nimejaribu mpaka yule binti ananionea huruma. Nyekundu niliikata mbele yako. Nifanyeje?"

Hakukuwa na la kufanya. Mzee alizunguka mji mzima akitafuta wa kumkopesha, na huku nyuma mvua ya upepo ikapasua turubai la lori. Ghala la Masasi likazikataa korosho zilizolowa, na chama kikampa mtu mwingine mizigo yake yote ya msimu. Madereva wengine walikwama vilevile, mmoja huku, mwingine kule, lakini aliyekatika kabisa alikuwa yeye.

Devotha alipanda basi la Newala akiwa na fulana yake ya kijani, na njia nzima watu walimtazama. Kituoni alimkuta Nuria, binti wa pampu, mtandio umefungwa kuzuia upepo wa mlimani.

"Dada, mashine hii tangu iletwe haijasoma kadi hata moja," Nuria alimwambia. "Tumepiga simu Mtwara mpaka tumechoka."

"Mbona Pancras alijaza hapa? Yule wa Haraka ya Nini."

Nuria alicheka kwa wema tu. "Huyo? Hupita akipiga honi. Nikimwita ajaze, ananiambia mafuta yake yako Masasi kwa mchumba wake."

Devotha akakaa juu ya dumu. Mwezi mzima wa kuonja, mtu yule alikuwa akiteremka mlima na tangi karibu tupu kwa sababu yake yeye. Kama angesimuliwa kisa hicho siku nyingine, angekitunza mpaka uzeeni. Alitaka kucheka, akajikuta analia, na Nuria akajifanya anafuta pampu.

Kikao cha madereva kilikaa Masasi, kwenye maegesho ya malori, alasiri. Baba Zuhra alikuja kwa miguu.

"Pancras, sina ugomvi na wewe," alisema. "Niambie tu. Newala ulionja?"

Devotha alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa na jibu mkononi na angeweza kulisema, lakini alijua litasikika kama kisingizio cha mgeni. Tena alilitaka litoke kwa mwenyewe. Kama Pancras angesema neno moja tu la kweli, yeye angesimama karibu naye na wangetukanwa pamoja.

Pancras alizungusha funguo kidoleni. "Mashine ni ya kampuni," alisema hatimaye. "Mwulizeni mwenye kadi."

Vichwa vyote vikageuka. Devotha akahisi fulana ile imekuwa nzito.

"Niliwaambia wakubwa Newala iko tayari kabla sijaiona kwa macho yangu," alisema. "Kosa hilo ni langu."

Akangoja. Pancras aliendelea kutazama funguo. Mtu mmoja akasema huyu dada kamlevya kijana wetu kwa urembo ili auze kadi zake, mwingine akaongeza neno ambalo Devotha hakuwahi kuitwa maishani mwake, na Pancras alilisikia vizuri. Baba Zuhra peke yake hakutukana. Alijifuta uso, akaondoka kwa miguu kama alivyokuja.

Jioni Pancras alibisha mlangoni kwake, kifurushi cha ming'oko mkononi.

"Kwa nini hukusema?" Devotha alimwuliza kabla hajakaa.

"Niseme nini? Kwamba nilikuwa natia lita za kuvizia ili nikuone? Wangenicheka mpaka kaburini."

"Wewe wangekucheka. Mimi wameniita malaya."

"Watasahau."

"Na mimi ulinidanganya. Nilikuuliza, ukasema umejaribu."

"Niliona haya, Devotha. Nilijua ni kituo tu, kitasoma. Mwonjaji mzima nikuambie sijaonja kwa sababu ya mwanamke?" Sauti yake ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lilimwumiza zaidi. "Jina langu ndilo linalonipa mizigo. Nikisema leo, nimekwisha. Subiri msimu uishe, nitawaambia wote. Mjomba naye yuko tayari. Nataka kukuoa."

"Yaani niolewe kwanza, nisafishwe baadaye?"

"Nakupenda."

"Najua unanipenda. Nimekwenda mpaka Newala nikaambiwa unavyonipenda." Devotha alivuta pumzi. "Kawaambie kesho, Pancras. Waambie kesho, na mjomba aje keshokutwa. Tutakula ming'oko na chumvi kama mizigo itakosekana. Mshahara wangu ukibaki, tutakula huo. Lakini kawaambie."

Pancras aliweka kifurushi mezani. "Usinibane hivyo, mama."

Devotha akamrudishia kifurushi. Alifunga mlango taratibu, kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Mshahara wenyewe haukubaki. Kampuni ilimvua uafisa masoko na kumpeleka Newala kushika pampu pamoja na Nuria, akaweke sawa, walisema, alichokiharibu. Mashine nyingine ililetwa ikafungwa. Alijifunza kuamka na baridi, kubeba ndoo ya maji kutoka kwa wauzaji, kuitambua sauti ya kila lori linalopanda. Haraka ya Nini lilipita mara nyingi likiwa limeshiba magunia. Lilipiga honi fupi, yeye akatazama upande wa pili. Simu za Pancras alizipokea mwanzoni, akiuliza swali moja tu: umewaambia? Alipochoka kusikia "bado kidogo", akaacha kuzipokea.

Mchana mmoja Fuso lile halikupita. Liliingia kituoni, tupu, limeoshwa likameta, na Pancras akateremka na shati la bluu la siku ya kwanza. Devotha moyo ulimwenda mbio, hilo asingeweza kulikana. Ndani ya lori aliona mzee amevaa koti, mkoba mapajani, na akaelewa ni nani.

"Shikamoo, mjomba," alisema kupitia dirisha.

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu kwa upole.

"Nimewaambia," Pancras alisema. Alikuwa anahema. "Jana. Mbele ya wote. Nimesema sikuwahi kujaza Newala, nimesema sababu ni mimi, wewe huna kosa."

"Baba Zuhra alisemaje?"

"Hakuwepo. Keshauza lori, amerudi Chiwata shambani."

"Na wengine?"

"Wamecheka. Wamesema mapenzi hayana macho. Wamesema mwakani niendelee kuonja."

Devotha akatikisa kichwa polepole. "Mzigo wako wa mwisho uliteremka lini?"

Pancras aligeuka kutazama nyuma. Barabarani palikuwa patupu. Msimu ulikuwa umekwisha, maghala yote ya mlimani yamefungwa, na hata vijana wa kupakia walikuwa wamerudi makwao.

"Juzi," alisema.

"Lita ngapi?"

"Devotha."

"Lita ngapi, kaka?"

"Jaza tangi," alisema kwa sauti ndogo.

Devotha akajaza tangi, mara ya kwanza tangu amfahamu, na ilichukua muda wake, mpaka lori jingine likaja kusimama nyuma. Pancras alisimama karibu kiasi kwamba Devotha alisikia harufu ya sabuni yake. Kisha Devotha akaichukua kadi ya kijani, akaipitisha kwenye mashine. Ikasoma mara moja, ikatema risiti.

"Umeona?" alimwuliza. "Inasoma."

"Nimeona."

"Basi sasa Newala umeonja. Kawaambie wenzako."

"Na mimi je?" Pancras aliuliza. "Na mjomba amevaa koti hivi?"

Devotha alimtazama yule mzee ndani ya lori, ambaye hakuwa na kosa lolote. Akamkabidhi Pancras kadi na risiti pamoja, akafunga kifuniko cha tangi kwa mkono wake.

"Msindikize mjomba nyumbani," alisema. "Na usogeze lori mbele, kuna mwenzako nyuma anasubiri."