Sifuri Nilizoandika Mezani

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, na ukungu ulifunika dirisha la jikoni. Baba alisogeza kikombe chake cha chai, akaniwekea mbele karatasi za kazini.

"Haya, karani wangu. Safu ya gesi weka sifuri mpaka chini."

Baba alifanya kazi katika kampuni ya kuhifadhi mafuta. Alipaswa kupima kama hewa ya ndani ya tangi ina gesi ya hatari kabla wasafishaji hawajaingia. Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nilikuwa nikimjazia karatasi zake tangu nikiwa darasa la tano, nami nilijivunia. Siku ile kalamu ilikuwa nzito.

"Baba, jana mwalimu wa sayansi alituonyesha filamu. Mtambo wa kuchimba mafuta baharini ulilipuka. Kipimo kilikuwa kinawaonya, lakini wakubwa wakasema mambo yako sawa, kazi iendelee. Mwalimu alisema ajali hiyo ilitokea kweli, na watu walikufa."

Baba alicheka. "Hao walikuwa katikati ya bahari, mwanangu. Tangi letu liko nyuma ya soko! Kile kipimo kinachelewesha kazi tu. Miaka miwili hakuna kilichotokea. Andika, nachelewa."

Niliandika. Sifuri sita, za mviringo, safi.

Alipoondoka nilipiga magoti nisali, lakini kila nilipofumba macho niliwaona wale wanaume wa kwenye filamu wakikimbia ndani ya moto. Sala haikutoka. Nikainuka, nikatoka mbio, ndala mkononi.

Tangi lilikuwa karibu na uzio wa waya, nami nikasimama nje yake. Wasafishaji wawili walikuwa wakivaa buti. Mmoja, waliyemwita Mzee Kijana, aliniona.

"Bibi mdogo, umekuja kutusaidia kupiga deki?"

"Msiingie!" nilipaza sauti. "Namba za gesi nimeziandika mimi, nyumbani. Baba hajapima!"

Msimamizi wao, mama mmoja mrefu, aliitazama karatasi aliyokabidhiwa na Baba, kisha akamtazama Baba aliyesimama kando yake.

"Ni kweli?"

Baba alinikazia macho mpaka nikatamani ardhi inimeze. Halafu akainamisha kichwa.

"Ni kweli, mama."

"Leta kipimo."

Baba alikishusha tangini kwa kamba. Hakikufika hata nusu, kikaanza kulia, na hakikunyamaza. Mzee Kijana alikaa kwenye matope, buti moja mguuni.

"Nina watoto wanne," alisema, bila kumtazama yeyote.

Msimamizi aliamuru tangi lifungwe, akamsimamisha Baba kazi mwezi mzima. Kisha akaja kwenye uzio.

"Binti, umesema kweli, na hawa watarudi kwao leo. Lakini usijione huna kosa. Karatasi hii wanaiamini kama macho yao wenyewe. Uongo ulioandikwa vizuri unaua sawasawa na ulioandikwa vibaya."

Nililia. Baba alivua kofia, akawageukia wenzake.

"Mungu ananisikia, nanyi mnanisikia. Nikirudi, hakuna atakayeingia tangini kabla sijapima mwenyewe, mkiwa mnaona."

Wenzake wakanigeukia mimi. Nikaushika waya wa uzio kwa mikono miwili.

"Nami naahidi," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "sitaandika tena kitu nisichokiona, hata anayeniagiza akiwa baba yangu."