Joho Chini ya Godoro

Nyumbani walimwita Redio, na aliyemsikiliza hata kidogo hakuuliza kwa nini. Alizungumza tangu anaamka, alizungumza akipiga mswaki, na akitumwa chumvi dukani alirudi na habari za mtaa mzima. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya Jumapili alipotafuta mtoto wa kusimulia habari za Akani mbele ya kanisa, hakuhangaika kuchagua.

Redio aliipenda mno habari hiyo. Akani alikatazwa kuchukua kitu chochote mjini Yeriko, lakini akaona joho zuri, akalichukua na kulifukia hemani mwake, na taifa zima likaingia matatani. Redio alijizoeza akitikisa kichwa kumsikitikia mtu huyo. Wala hakukumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa na joho chini ya godoro.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Wiki hiyo alikuwa akishona majoho mapya ya kwaya, akisaidiwa na msichana aliyekuwa akijifunza kazi, ambaye wote walimwita Dada Taratibu kwa kuwa hakuwa na haraka na jambo lolote. Kitambaa kilikuwa laini, chepesi kuungua, na mama alikuwa amemkataza Redio asiguse pasi. Siku moja, mama na Dada Taratibu walipokwenda kununua vifungo, Redio akaona awashangaze. Alitandaza joho la kiongozi wa kwaya, akaipasha pasi moto hasa, akaibandika. Alipoiinua, mkono wa joho ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Akalificha.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiyakunja," mama alimwambia Dada Taratibu joho lilipokosekana.

"Niliyakunja yote, mama. Sijui limekwenda wapi."

"Basi limeota miguu. Lisipopatikana kufikia Jumamosi jioni, utarudi kwenu. Siwezi kufanya kazi na mtu nisiyemwamini."

Redio alisikia kila neno. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kuchangia.

Jumamosi mchana wakafanya mazoezi kanisani. Redio alisimulia kwa madaha mpaka binti mdogo wa mstari wa mbele akanyoosha kidole.

"Usiku Akani alikuwa analala wapi?"

"Hemani mwake."

"Juu ya lile joho?"

Watoto wakacheka. Redio aliona aibu kubwa, kisha akaogopa, maana jua lilikuwa limeanza kushuka. "Mwalimu, naomba ruhusa," alisema, na kabla hajapewa alikuwa ameshatoka mbio.

Nyumbani, Dada Taratibu alikuwa akifunga mkoba wake. Redio alikwenda moja kwa moja chumbani, akarudi na joho mikononi.

"Mama, ni mimi. Nililiunguza kwa pasi nikalificha. Dada hana kosa."

Mama alilitazama tundu, kisha akamgeukia Dada Taratibu. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea."

"Yamekwisha, mama." Dada Taratibu alikuwa ameshaanza kuupima mkono wa joho, bila haraka. "Tukikata hapa, tukaunga utepe mpana wa njano mikono yote miwili, kiongozi atawapita wote kwa kupendeza."

Mama akacheka licha ya hasira yake. Kisha akampa Redio adhabu ya kufagia chumba cha ushonaji mwezi mzima, naye alifagia huku akiimba.

Jumapili kanisa lilijaa. Kiongozi wa kwaya aliinua mikono yenye njano, kwaya ikaimba mpaka madirisha yakatetemeka, na Dada Taratibu alikaa karibu na mama akipiga makofi. Redio alisimulia habari za Akani mpaka mwisho, kisha akaongeza ambayo hayakuwamo katika mazoezi: pasi, godoro na yote. Watu walicheka, wengine wakafuta machozi.

Mwalimu akasimama, akamwekea mkono begani.

"Waliulizwa kabila kwa kabila, nyumba kwa nyumba," alisema, "na muda wote huo Akani alinyamaza, akaungama alipokwisha kushikwa. Watoto wangu, maonyo haya hayakuandikwa ili tumsikitikie Akani. Yameandikwa ili wewe na mimi tuseme kweli mapema, wakati bado Mungu anatungoja kwa huruma. Redio amesema mapema, na ndiyo maana leo tunaimba."

Na kwaya ikaanza tena.